Tangu mama afariki, baba anaongea na mbwa: je, tumwondoe?

SWALI: Asalaam aleikum, Daktari. Baba yangu ana miaka 71, ni askari mstaafu, anaishi Bombo, hapa Uganda. Mama alifariki miezi minane iliyopita. Baada ya msiba baba alikonda sana, akawa hapendi wageni, na hata msikitini anakwenda Ijumaa tu. Ana presha na sukari. Miezi mitatu iliyopita aliokota mbwa barabarani, akampa jina Koplo. Sasa anaamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya huyo mbwa, anampikia posho (ugali) na mukene (dagaa), anaongea naye muda mrefu, na Koplo akichelewa kurudi baba anatoka na tochi kumtafuta. Sisi watoto tukipiga simu anajibu maneno mawili, anakata. Kaka yangu mkubwa anaona aibu. Anasema mzee anarukwa na akili, mbwa ni najisi, na kufuga mbwa kama mtoto ni mambo ya Wazungu. Anataka kumtilia mbwa sumu siku baba atakapokuja Kampala kliniki. Je, ni kweli mnyama anaweza kumsaidia mtu, au tunamwacha baba apotee? Binti wa Bombo.

JIBU: Wa aleikum salaam, binti yangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama.

Kabla sijasema lolote la kitaalamu, mpigie kaka yako simu umwombe aachane na habari ya sumu. Usingoje umalize kusoma. Baba akirudi kutoka kliniki na kumkuta Koplo amekauka nyuma ya nyumba, huo ni msiba wa pili ndani ya mwaka mmoja, na safari hii atajua ni mkono wa mwanawe. Nimekaa na familia zilizovunjika kwa jambo dogo kuliko hilo. Sumu yenyewe nayo haichagui. Kuku wa jirani wataidonoa, na mtoto anayecheza hapo ataigusa.

Swali lako sasa. Ndiyo, mnyama anaweza kumsaidia mtu, akili na mwili pia. Lakini njia anayopitia kusaidia sivyo watu wengi wanavyoidhania, na ukiielewa utajua cha kufanya na baba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniandikia kuamka saa kumi na moja, kupika, na kutoka na tochi kama dalili za maradhi. Kazi yangu ya kila siku ni kukaa na watu waliofiwa, na wengi wao hawaamki. Wanabaki kitandani hadi saa nne, macho wazi, kwa sababu hawaoni kwa nini washushe miguu chini. Hawapiki. Nimeingia nyumba ambazo jiko lilikuwa na utando wa buibui. Baba yako katika miezi mitano ya kwanza alikuwa njiani kuelekea huko, umesema mwenyewe alikonda. Kisha akaja Koplo, na moto ukawashwa. Hukuniambia baba mwenyewe anakula nini. Chunguza hilo ukienda kumtembelea. Sitashangaa ukikuta wanakula sufuria moja.

Fikiria siku za mama alipokuwa hai. Chai iko tayari, njoo kabla haijapoa. Dawa umekunywa? Vaa koti, nje kuna umande. Mtu aliyeishi na mke miaka arobaini, siku yake hushikwa na maneno madogo kama hayo, kama mabati yanavyoshikwa na misumari. Mama alipofariki misumari ikang'oka yote kwa mara moja. Nyinyi watoto mnapiga simu, mnatuma pesa, na mnafanya vizuri. Lakini simu inauliza "unaendeleaje?", yeye anasema "mzima", yamekwisha. Hakuna anayemngoja. Koplo anamngoja. Baba asiposhuka kitandani, kuna kiumbe atakayeshinda na njaa. Nami nimekulia Mbarara jirani na kambi ya jeshi, nimewajua wazee wa aina ya baba yako tangu utoto: mtu aliyehesabiwa kila asubuhi kwenye paredi miaka yote ya ujana wake, akifika mahali ambapo hakuna anayegundua kama yupo au hayupo, anaumia kwa namna ambayo hatakueleza.

Jambo hili nililiona kabla sijaenda chuo kujifunza jina lake. Babu yangu mzaa mama alikuwa mfugaji Nyabushozi, huko Ankole, magharibi mwa Uganda. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Hospitali walimpa mpira mdogo wa kubinya kila siku. Aliubinya siku mbili, akauacha ukabingirika chini ya kitanda. Alichoomba ni kuwekewa kiti karibu na mlango wa zizi, jioni, ng'ombe wanaporudi. Kukibeba hicho kiti ilikuwa kazi yangu.

Alikuwepo jike mzee aliyeitwa Bihogo. Ndilo jina la rangi yake, hudhurungi iliyokolea, maana kwetu ng'ombe huitwa kwa rangi na kwa umbo la pembe. Bihogo alizoea kukunwa chini ya shingo, pale ngozi inaponing'inia, na alizoea kukunwa na mkono wa kulia. Babu alipomnyoshea wa kushoto alisogea, akazunguka, akasimama upande ule ule wa siku zote. Babu alicheka, kicheko cha kwanza tangu augue. Akaushika mkono mbovu kwa mkono mzima, akauweka juu ya ngozi ya Bihogo, ukakaa pale kama kitambaa. Siku ya tatu au ya nne niliona kidole gumba kikimtafuta kupe, kikamkosa, kikatafuta tena. Baada ya miezi mingi babu aliweza kushika kikombe cha maziwa kwa mikono miwili.

Sisemi Bihogo aliponya kiharusi. Ubongo una uwezo wa kujifunza upya kazi iliyopotea, ukirudiarudia tendo lile lile kila siku, na mpira wa hospitali ungeweza kufanya kazi hiyo hiyo. Ila mpira haukuja mlangoni jioni kumtafuta. Hilo ndilo ninalotaka ulishike, binti yangu: nguvu kubwa ya mnyama ni kwamba anahitaji kitu kutoka kwako, leo, saa hii.

Mwilini kuna mambo yanayopimika. Mtu akimpapasa mnyama aliyemzoea, mwili humwaga homoni iitwayo oksitosini, ile inayomwagika mama anaponyonyesha mtoto. Watafiti wa Pretoria, Afrika Kusini, waliwapima watu na mbwa pamoja, wakachapisha matokeo mwaka 2003: baada ya muda mfupi wa kupapasana na kuongea kwa upole, shinikizo la damu lilishuka na oksitosini ilipanda kwa pande zote mbili, mtu na mbwa. Mwaka 2015 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba hata kutazamana machoni kunapandisha homoni hiyo, kwa bwana na kwa mbwa wake. Kwa hiyo hayo maongezi ya baba na Koplo yanayomkera kaka yako yana kazi mwilini.

Upande wa pili kuna kotisoli, homoni ya hofu na dhiki. Huzuni ya muda mrefu huiacha juu, nayo kotisoli huliamuru ini kumwaga sukari kwenye damu, huku ikichangia presha. Mtu mwenye sukari akifiwa, mara nyingi vipimo vyake huharibika hata kama hajabadili chakula. Watu husema "mzee amekula vitamu kwenye matanga". Wakati mwingine hajala kitu. Ni majonzi yanayoonekana kwenye mashine.

Utafiti mmoja wa zamani unanukuliwa sana, nami nautaja kwa sababu hesabu yake ni rahisi kuifuata. Mwaka 1980 huko Marekani walichapisha habari za wagonjwa 92 waliotoka hospitali baada ya matatizo ya moyo. Waliokuwa na mnyama nyumbani walikuwa 53, wasiokuwa naye 39. Baada ya mwaka mmoja, katika wale 53 walikuwa wamekufa 3. Katika wale 39, walikufa 11. Mwaka 2017 wakaja watafiti wa Sweden na hesabu kubwa zaidi, watu zaidi ya milioni 3.4 waliofuatiliwa kwa miaka 12. Walioishi peke yao wakiwa na mbwa, hatari yao ya kufa katika kipindi hicho ilikuwa pungufu kwa asilimia 33 ukiwalinganisha na walioishi peke yao bila mbwa.

Usikimbilie kumsomea kaka yako namba hizo kama hukumu ya mahakama. Anaweza kukuuliza, na atakuwa na haki, kama mbwa ndiye aliyewapa watu uzima au watu wazima ndio wanaoweza kufuga mbwa. Mgonjwa hoi hamlishi mbwa. Utafiti wa kuangalia tu hauwezi kulitenganisha hilo kabisa, na zipo tafiti nyingine ambazo hazikuona faida yoyote. Mimi jambo ninalolipa uzito katika hesabu ya Sweden ni mahali faida ilipokaa: ilikuwa kubwa zaidi kwa wanaoishi peke yao. Ndipo baba yako alipo.

Kuna upande mwingine ambao hukuniuliza, lakini siwezi kuupita, maana umesema baba ni askari mstaafu. Sijui alipigana wapi. Mtu aliyepita vitani, ubongo wake hujifunza kulinda usiku, na vita vikiisha unaendelea kulinda. Anasikia tawi likivunjika, anaketi kitandani. Mke akiwa pembeni, pumzi zake humwambia kwamba hapa ni nyumbani. Mke akiondoka, zamu inarudi yote kwake. Nilifanya kazi Gulu, kaskazini mwa Uganda, miaka kadhaa, na mteja wangu mmoja, aliyetekwa na waasi akiwa mtoto, alinieleza vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma. Alisema sasa akishtuka usiku hatazami mlango, anatazama masikio ya mbwa wake. Masikio yakiwa yamelala, naye analala. Alikuwa amemkabidhi mbwa zamu.

Huko kaskazini ndiko wazo hili limefanyiwa kazi kwa mpangilio. Vita vya Joseph Kony, kiongozi wa waasi, vilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na vikadumu takriban miaka ishirini, watu zaidi ya milioni moja wakaishi kambini, watoto wengi wakatekwa. Francis Okello Oloya, aliyepoteza macho utotoni kwa mlipuko wa bomu lililoachwa ardhini, alianzisha huko mradi wa kuwaunganisha manusura wa vita na mbwa wasio na makao. Alipokuwa shule ya bweni, mbwa walikuwa wakimsindikiza usiku kutoka bwenini kwenda chooni, na hapo ndipo alipoanza kufikiri. Mbwa wa mradi wanachanjwa na kufungwa uzazi, na mtu hakabidhiwi mbwa akaachwa: kuna miezi ya mafunzo, watu wakikutana pamoja na mbwa wao. Hayo makutano kwangu yana thamani sawa na mbwa mwenyewe. Mtu ambaye hawezi kusema "nilitekwa" mbele ya kikundi anaweza kusema "mbwa wangu jana alikula kiatu", na jirani akajibu. Maneno yakishaanza kutoka, yale mazito nayo yanapata njia.

Kuhusu mambo ya Wazungu, mkumbushe kaka yako tunaishi nchi gani. Ankole watu huinua mikono juu wanapocheza ekitaguriro kwa sababu mikono hiyo ni pembe za ng'ombe. Wanaume walitungiana majigambo yanayowataja ng'ombe wao kama mashujaa. Karamoja mwanamume huwa na maksai wake mmoja anayempenda kuliko wote, humwimbia, na jina lake la heshima hulitoa kwa maksai huyo. Waacholi walipoporwa ng'ombe wao karibu wote katika miaka ya mwanzo ya vita, wazee walioshuhudia hawakulilia nyama na mahari peke yake. Hili la mtu kuongea na mnyama ni letu tangu zamani. Geni labda ni kwamba safari hii mnyama ni mbwa, na mbwa kwetu amezoea teke na makombo.

Nije kwenye najisi, kwa kuwa ni jambo la imani na nisingependa mlipitie juujuu. Mimi si sheikh, na sitawatolea fatwa. Ninachojua ni kile kinachojulikana na wengi: kwa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, chombo au nguo iliyoguswa na unyevu wake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wao hawamhesabu mbwa kuwa najisi mwilini mwake. Kufuga mbwa bila sababu kunakatazwa, lakini mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba ameruhusiwa. Na hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake, kaka yako ameisikia msikitini kama nilivyoisikia mimi kwa marafiki zangu. Hata wale vijana wa pangoni wanaotajwa katika Kurani walilala na mbwa wao akiwa amenyoosha miguu kizingitini. Mwendeeni imamu mnayemwamini, nyinyi watatu, baba akiwepo. Kama baba ana mbuzi au shamba, Koplo apewe kazi ya kulinda, alale kwenye kibanda chake nje, awe na bakuli lake lisilochanganywa na vyombo vya ndani, na baba awe na nguo moja ya kumhudumia mbwa na nyingine safi ya kuswalia. Nimeona nyumba za Waislamu zikiishi hivyo bila ugomvi.

Tena angalia saa. Baba anaamka saa kumi na moja. Karibu na hapo ndipo adhana ya alfajiri inapolia. Kwa miezi mitano mwili wake haukuweza kuamka saa hiyo. Kaka yako akitaka kumrudisha baba msikitini, mlango uko wazi: aje Bombo siku mbili tatu, amkute tayari ameamka, waende pamoja.

Je, anarukwa na akili? Kuongea na mbwa hakutoshi kusema hivyo. Watu wenye akili timamu huongea na ng'ombe, na mihogo shambani, na picha ya marehemu ukutani. Nitakachotaka kusikia haraka ni tofauti: kama anasema mbwa anamjibu kwa sauti na kumpa amri, kama anaamini mbwa ndiye mama amerudi na hakubali kuelezwa, kama anapotea njia anayoijua au anasahau kwamba mama amefariki. Pia kama ameacha kula huku mbwa analishwa, au kama anagawa vitu vyake. Na umuulize waziwazi, "Baba, umewahi kuona afadhali ufe?" Kuuliza hakumpandikizi wazo. Kama kuna silaha nyumbani, iondoke kwa njia halali kabla ya kitu kingine chochote. Ukiona lolote kati ya haya, mpeleke kwenye kitengo cha afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa zinavyo, na Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala, ipo. Mbwa hatibu sonona kali, na mtu mwenye sonona kali akiachiwa mbwa peke yake ametelekezwa.

Jambo ambalo sitalegeza ni chanjo. Koplo ameokotwa barabarani, na kichaa cha mbwa kipo Uganda. Kwa dunia nzima kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote wameumwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, dawa hakuna. Mpigieni daktari wa mifugo wa wilaya ya Luweero wiki hii, mbwa achanjwe, na chanjo irudiwe kila mwaka, cheti kiwekwe pamoja na kadi ya kliniki ya baba. Wakati huo huo ahasiwe, apunguze kuzurura na kupigana, na apewe dawa ya minyoo na ya kupe. Ikitokea mtu akaumwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Asipelekwe kwanza kuwekewa jiwe jeusi wala dawa za kienyeji. Muda ndio unaookoa.

Kwa kuwa baba ana sukari, kuna mambo mawili zaidi. Koplo asimlambe mahali penye kidonda hata kidogo, maana mate ya mbwa yana vijidudu, na kidonda cha mwenye sukari hakiponi upesi, hasa cha mguu. Na anapotoka alfajiri avae viatu vilivyofunika vidole, asiende na ndala, na asitoke tumbo tupu kama ameshakunywa dawa. Pipi kadhaa mfukoni ni akiba kama ataanza kutetemeka na kutoka jasho. Kutembea kwenyewe ni dawa. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kawaida unaotia joto, na misuli inayotembea huivuta sukari kutoka kwenye damu. Mzee asiyekubali kufanya mazoezi atatembea nusu saa kumzungusha mbwa bila kuambiwa ni mazoezi.

Na dawa za presha je? Wazee wengi huzisahau mke akifa, kwa sababu mke ndiye aliyekuwa saa. Ukienda Bombo, chukua kile kikebe cha dawa kutoka chumbani ukakiweke jikoni, kwenye rafu iliyo juu ya gunia la unga wa Koplo. Usimpe hotuba. Mwambie tu, "Baba, ukimpakulia Koplo na wewe unameza." Atakapoinama kuchota unga atakiona kila siku.

Mengine ni yenu watoto. Mmekuwa mkimuuliza baba habari za baba, na habari hizo zinamuuma. Jaribuni kuanza na mbwa. "Koplo amekula? Lile jeraha la sikio limepona? Amejifunza kukaa ukimwambia?" Utasikia sauti ikibadilika. Ataanza na sikio la mbwa, atafika kwenye paa linalovuja, na siku moja, bila kumsukuma, ataufikia usiku ule mama alipozidiwa. Wakati huo usikate simu hata kama salio linakwisha. Watafiti wa Marekani waliowafuatilia watu wa makamo na wazee waliopoteza wenzi wao waliona kwamba upweke haukuwazidi sana wale waliobaki na mnyama nyumbani, na nadhani sehemu ya sababu ni hii: mnyama huwapa watu kitu cha kuongelea ambacho hakiumi.

Mpangeni mapema nani atamlisha Koplo baba akilazwa. Nimeona wazee wakikataa kulazwa, wakisema wako sawa, na kumbe wanaogopa mnyama atabaki na nani. Kijana wa jirani akipewa kazi hiyo kwa posho ndogo, baba atakwenda hospitali kwa moyo mtulivu. Na Koplo naye ana umri wake. Mbwa wa kwetu akitunzwa hufika miaka kumi na zaidi kidogo, na siku yake ikifika msimwambie baba "ni mbwa tu".

Kama kaka yako bado hakubali, kuna paka. Wao hawana mjadala wa najisi, ingawa mjamzito nyumbani asisafishe kinyesi chao, kwa ajili ya ugonjwa unaoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kuna mbuzi, kuna njiwa, kuna kuku. Wote wanaweza kumngoja mtu asubuhi. Lakini baba amekwisha kumchagua wa kwake, tena amempa cheo, na mimi nisingembadilishia.

Ukienda mwisho wa wiki hii, beba kile kipimo cha presha cha mkononi. Mpime baba akiwa amekaa kimya dakika tano. Kisha mwache aende kumlisha Koplo, akae naye, aongee naye atakavyo. Akirudi na kupumzika kidogo, mpime tena, mara zote mbili mbele ya kaka yako. Fanyeni hivyo siku kadhaa, muandike namba kwenye daftari pamoja na saa, kisha unitumie.